Muulize Fundi wa Ikutha: Injini Inanguruma, Gurudumu Halisogei

Barua nyingi za wiki hii zinamshtaki gia boksi. Nimezisoma zote, na naona mshtakiwa amesingiziwa sana. Injini ikitoa nguvu, nguvu hiyo ina vituo vingi vya kupitia kabla ya kufika kwenye tairi, na mwizi anaweza kuwa kwenye kituo chochote. Tuwafuate mmoja mmoja.

*

*Fundi, mimi ni mwanaboda wa steji ya Ikutha. Nikibeba magunia mawili ya ndengu na mwenye ndengu juu, pikipiki inanguruma mpaka kuku wanakimbia, lakini kilima hakipandiki. Fundi wa hapa kasema gia boksi imekufa, nitafute elfu kumi na mbili. Nimeshauza mbuzi mmoja.*
– Nimebaki na Watatu

Ndugu Watatu, hao waliobaki wasiuzwe kwanza. Gia boksi haifi kimya. Gia hukataa kuingia, au huingia kisha ikachomoka yenyewe, au husaga meno ukahisi mpaka kwenye kiti. Kama zako zinaingia zote na kukaa, basi nguvu inapotea kabla ya kuzifikia, na anayekaa hapo katikati ni klachi.

Kumpima ni bure. Mpimie kwenye lami ya Kibwezi–Kitui, si kwenye changarawe, maana huko tairi ikiteleza utamlaumu klachi. Tia gia ya juu, shika mwendo wa kati, kisha fungua mafuta ghafla. Mlio ukipanda na mwendo ukabaki palepale, klachi inateleza. Kabla ya kununua sahani mpya, bonyeza mkono wa klachi: mwanzoni lazima uwe na ulegevu kidogo. Kebo ikikazwa mno, klachi haishiki sawasawa, na wewe unazunguka nayo Ikutha nzima ikijisaga.

Sasa swali ambalo wateja wangu hulikwepa: ulitia oili gani? Katika pikipiki kama Boxer na TVS, klachi huogelea ndani ya oili ileile ya injini. Oili za gari, hasa zile zinazosifiwa kwa kupunguza ulaji wa mafuta, huwa zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano, na msuguano ndiyo riziki ya klachi. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA. Kama binamu yako dereva wa lori alikumiminia iliyobaki kwenye debe lake, mshukuru, kisha uitoe. Uimwage kwenye chombo, si kwenye mchanga wa mto tunakochimba maji.

Na magunia mawili, kaka? Gunia ni kilo 90. Mama Ngilu alipokuwa gavana alituhimiza tulime ndengu kwa wingi. Hakusema zote zisafiri siku moja.

*

*Fundi, dada yangu yuko Doha. Alimletea mwanangu lori la rimoti, si la betri, la mafuta hasa. Lilikimbia siku mbili. Sasa linalia kama nyuki na halisogei. Mafuta yake nayo yanaisha. Nitie petroli? Halafu mjomba wa mtoto amenusa chupa iliyobaki, anasema ni pombe. Mtoto mwenyewe amerudia gari lake la waya.*
– Mwalimu

Mwalimu, tuanze na mjomba. Chupa hiyo ifungie kwa kufuli na ufunguo ulale nawe. Ndani mna methanoli, naitromethani na oili. Methanoli ndiyo iliyokutwa kwenye pombe ya Mei 2014, ikaua makumi ya watu Embu na kaunti nyingine na kuwapofusha wengine. Usiihamishie kwenye chupa ya soda, hata kwa dakika tano.

Petroli usitie. Injini hiyo haina plagi ya cheche. Ina plagi yenye kijiwaya cha platinamu, na methanoli ndiyo inayokifanya kiendelee kuwaka kila mzunguko. Petroli haina uwezo huo. Mafuta yake yakikosekana, lori lipumzike. Ile oili iliyomo mara nyingi ni ya mbarika, mti uleule unaojiotea kwetu bila kupandwa; hata jina la Castrol, la mwaka 1909, lilitokana na mafuta hayo. Namwona mjomba akitafuta kinu. Mwambie akae.

Sasa tatizo lenyewe. Lori hilo halina klachi ya mkono. Kuna kikombe cha chuma, na ndani yake viatu vidogo vilivyozuiwa na springi. Injini ikichangamka, viatu hutanuka vikakishika kikombe, nacho kikazungusha gia kubwa ya plastiki. Kwa hiyo likinguruma taratibu na kusimama, halina ugonjwa. Ugonjwa ni kusimama huku umefungua mafuta yote.

Kwanza, je, lina rivasi? T-Maxx ya Marekani, iliyotoka 1999, ilikuja na gia mbili na rivasi. Mkono wa kubadilisha mbele na nyuma ukikwama katikati, lori liko nyutro, na utafungua skrubu zote bure.

Kama si hivyo, zima injini utazame gia ya plastiki. Nasema utazame, kwa sababu injini hizi hupita mizunguko 30,000 kwa dakika na mlio wake haukwambii kitu. Meno yakiwa yamelika, mwizi umempata. Utakapoweka mpya usiibane sana na ile ndogo ya kikombe. Pitisha ukanda wa karatasi ya daftari katikati yao, zisukume zikutane, kaza injini, kisha zungusha gia ili karatasi itoke. Ikitoka na mikunjo tu, umepima vyema. Ikitoka vipande, legeza urudie. Huku kwetu mchanga ukiingia kati ya gia zilizobanana, plastiki haimalizi wiki.

Meno ni mazima? Zuia gia hiyo isizunguke, kisha zungusha gurudumu moja la nyuma kwa mkono. La pili linapaswa kwenda kinyume. Likitulia, difu imeisha meno ndani. Likienda, angalia ile nati yenye springi kwenye gia kubwa. Kazi yake ni kuruhusu mtelezo kidogo ili meno yasivunjike lori likiruka. Ikilegea, mtelezo hauishi. Kaza robo mzunguko, jaribu, kisha robo nyingine.

Mtoto muache na gari la waya mpaka spea zifike. Hilo halina difu.

*

*Fundi, nilichukua mkopo wa chama nikanunua pikipiki, mume wangu anaiendesha. Kila mwezi hesabu inakuja nusu, ananiambia cheni na sproketi zimekula. Ni kweli?*
– Mama wa Chama

Dada, vumbi la kwenda Kanziko hula cheni, nakubali. Lakini si kila mwezi, labda kama anaweka cheni mpya kwenye sproketi kuukuu, hapo zinalana. Hununuliwa pamoja. Shika cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa, uivute kuelekea kwako: ikiachana na meno ukaona nusu ya jino, imekwisha kweli. Ikikaa palepale, cheni ni nzima na kinachokula kina tumbo. Mwambie alete zile za zamani, chuma chakavu kina bei. Kadi ya pikipiki nayo, imeandikwa jina la nani?

*

*Fundi, nikishuka na lori kuelekea daraja la Athi huwa natia nyutro niokoe dizeli. Utingo wangu anaogopa. Mwambie.*
– Suka wa Kibwezi

Nimwambie nini, na yeye ndiye mwenye akili humo ndani? Injini za sasa, ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa, hukata dizeli kabisa mteremkoni, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukitia nyutro, inalazimika kunywa ili isizime. Kwa hiyo huokoi kitu, na umemwachia breki peke yake mzigo wote. Shuka na gia ambayo ungepandia. Bosi akiuliza kwa nini breki zinanuka, hilo lipeleke kwa safu nyingine.