Tantine wa Klavye: Nimebonyeza, Mbona Hainijibu?

Madereva wa taksi za Bukavu–Nyangezi wameniletea bahasha nyingine, mbili zinanuka samaki wa sambaza. Barua za mahari na mipaka ya mashamba nimezirudisha kwa wenyewe. Hizo zina wazee wake. Mimi nashughulikia Vim, nano na ndugu zao, hao wahariri wa terminali wasiotaka kuguswa kwa kipanya, na leo karibu kila mtu analia juu ya njia za mkato alizojitungia mwenyewe.

*Tantine, mimi nilikuwa mtu wa Word. Nilipohamia Vim niliandika kwenye faili yake ya mipangilio, .vimrc, kwamba Ctrl+S ihifadhi kazi. Nikibonyeza, skrini inakufa, hata herufi moja haitoki. Nilidhani umeme umeenda, kumbe taa inawaka. Nikazima mashine kwa nguvu, na ripoti ya ushirika wetu wa mihogo imepotea. Nimerogwa? — Katibu Mwenye Machozi, Nyangezi*

Papa Katibu, hakuna aliyekuroga. Siku nyingine bonyeza Ctrl+Q. Skrini itaamka na kukimbiza kwa mpigo yote uliyopiga kwa hasira, pamoja na matusi, ambayo Vim itayatekeleza kama amri. Rudisha nyuma kwa `u`.

Kitufe cha Ctrl hupunguza 64 kwenye namba ya herufi. S ni 83, kwa hiyo Ctrl+S inasafiri kama 19, na tangu enzi za mashine za Teletype za miaka ya 1960, 19 ina maana ya «simama, usitume tena». Q ni 81, inabaki 17: «endelea». Mashine zile zilikwenda makumbusho, amri ikabaki kwenye terminali yako. Vim za miaka ya karibuni huizima zenyewe, lakini kompyuta nyingi zinatufikia zikiwa zimeshazeeka kwa watu wengine. Weka `stty -ixon` ndani ya .bashrc, fungua terminali upya, kisha ujumbe wako wa Ctrl+S utafika.

Kuhusu ripoti, futa machozi. Vim huandika nakala ya pembeni kila unapofikisha herufi 200, au unapotulia kwa sekunde 4. Andika `vim -r` na jina la faili. Utakachokosa ni sentensi ya mwisho, na nimezisoma ripoti za ushirika: sentensi ya mwisho huwa ni salamu.

*Tantine, shemeji yangu wa Montréal alinitumia .vimrc yake, mistari mingi kama orodha ya wageni wa harusi. Kwake \w inahifadhi, ]] inaruka, kila kitu kinatii. Mimi niko na klavye ya AZERTY, vidole vinataka kuvunjika. Mstari mmoja nilioutengeneza mwenyewe nao una kisirani: kila nikihifadhi, kursa inasogea hatua moja na mashine inapiga mlio. Njia nyingine ya mkato haifanyi chochote. Nifute yote? — Shemeji Aliyedanganywa, Panzi*

Usifute. Vidole vyako havina kosa, mwanangu, walikosea waliokuzidi umri. Bill Joy alipoandika vi huko Berkeley mwaka 1976 alikuwa mbele ya terminali ya ADM-3A. Mishale ilikuwa imechorwa juu ya H, J, K na L, na Esc ilikaa pale ilipo Tab leo. Yeye hakuhangaika. Hakuna aliyemwambia kwamba Kivu kuna watu watakaoandikia klavye iliyoachwa na Wabelgiji. Alama ya `\` kwenye AZERTY ya Ufaransa iko kwa AltGr na 8. Kwenye ile ya Ubelgiji iko kwa AltGr na kitufe cha `<`. Mashine mbili za meza moja zinaweza kukataliana. Zawadi tuliyopata ni moja tu: `:` haihitaji Shift, na mtu wa Vim huibonyeza kutwa nzima.

Juu kabisa ya .vimrc andika `let mapleader = ","`, ili mkato uchukue nafasi ya `\`. Nasema juu kabisa kwa sababu Vim husoma kutoka juu kwenda chini, na mstari uliotaja `<leader>` kabla ya hapo utakuwa umeshachukua `\`. Mkato (`,`) una kazi yake ya asili ndani ya Vim, kurudia utafutaji wa `f` kinyumenyume. Sijakutana bado na mtu aliyeililia.

Kisirani cha kursa nadhani nakijua bila kuuona mstari wenyewe. Umeandika hivi:

`nnoremap ,w :w<CR> " hifadhi faili`

Ulitaka kujiachia maelezo, kama tulivyofundishwa. Lakini Vim haina maelezo mwishoni mwa mstari wa aina hiyo. Kila kilichobaki ni vitufe vya kubonyezwa. Inahifadhi, inabonyeza nafasi (kursa inasogea), inakuta alama ya nukuu isiyoeleweka, inalia na kuacha. Maelezo yapande mstari wa juu peke yake. Hata nafasi tupu uliyosahau mwishoni huhesabiwa. Na popote shemeji alipoandika `nmap`, weka `nnoremap`, isipokuwa kama ana sababu anayoweza kuieleza kwa simu. Kwa `nmap`, ukisema a imwite b na b imwite a, zitaitana hadi Vim ikate shauri kwa kosa E223.

Sasa ile njia isiyofanya chochote, na hapa ndipo watu wengi wanachezea .vimrc bure. Kitufe kinasafiri kama mfuko wa unga unaotumwa kutoka Essence hadi Nyangezi: unapita mikono mingi, na yeyote njiani anaweza kuubakiza. Mfumo wa madirisha unakiona kwanza. Kisha terminali yenyewe. Ile ya GNOME, kwa mfano, hujichukulia F11 kwa skrini nzima, na Ctrl+Shift+W hufunga kichupo. Ukiwa ndani ya tmux, Ctrl+B ni yake. Vim inapokea masalio. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mpokeaji, uliza kama mzigo ulifika. Ingia hali ya kuandika, bonyeza Ctrl+V, halafu kitufe unachokishuku. Ikitokea alama, kimefika. Pasipotokea kitu, mwizi yuko nje, na ungeandika .vimrc mpaka Ngomo bila kumpata.

Kikifika na bado hakitii, andika `:verbose nmap` ikifuatwa na njia yako ya mkato. Vim itataja faili na mstari uliokiamuru mara ya mwisho. Naona ni amri ya haki kuliko zote. Hata vikao vya ukoo havijafikia hapo. Mara nyingi utakuta ni kiongezi ambacho shemeji alikiweka na kukisahau.

*Tangu niipe Ctrl+I kazi mpya, Tab yangu nayo imebadilika tabia. — Fundi, Kamanyola*

I ni 73; toa 64, inabaki 9, na 9 ndiyo Tab. Kwenye terminali ya kawaida hao wawili ni mtu mmoja. Ctrl+M ni Enter, Ctrl+[ ni Esc. Chagua herufi nyingine.

*Tantine, mwanangu yuko mwaka wa mwisho na TFC yake, kazi ya kuhitimu, haijaisha. Usiku kucha anapanga vitufe, anasema vikikaa sawa ataandika haraka. Nimwamini? — Mama Mwenye Wasiwasi, Nyangezi*

Usimwamini, mama. Mwambie aanzishe mhariri kwa `vim --clean`, inayofunguka bila .vimrc yoyote, aandike kurasa tano za sura ya pili. Njia za mkato atakazozikumbuka kwa uchungu, labda tatu, azirudishe. Nyingine zilikuwa mchezo. Amri hiyo pia ni dawa ya wote walioandika leo: tatizo likitoweka chini ya `--clean`, basi limo ndani ya .vimrc au viongezi vyako.

*Mimi sina kompyuta, ninaandika programu kwa simu ndani ya Termux kwa sababu betri inastahimili umeme ukikatika. Esc na Ctrl nazipata wapi? Na mbona Vim ikifunguka inataja watoto wa Uganda, nadaiwa? — Kijana wa Kilimani*

Ctrl ni kitufe cha kupunguza sauti, ukikishikilia. Cha kuongeza sauti pamoja na E kinatoa Esc. Pamoja na T, Tab. W, A, S na D zinakuwa mishale. Ule mkato wa `mapleader` ndani ya .vimrc utakufaa kuliko Ctrl, kwa sababu kidole gumba kinachoka.

Hudaiwi. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyetoa Vim mwaka 1991, alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, akafanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto mwaka 1994. Aliporudi hakutaka malipo ya Vim. Aliwaomba wanaoipenda wawachangie watoto wa huko, waliokuwa wamepoteza wazazi kwa UKIMWI. Alifariki Agosti 2023. Andika `:help uganda`, ameeleza yote mwenyewe. Kutoka ni `:q`, na hiyo hata kwa simu haihitaji kitufe cha sauti.