Tovuti Niliyoiona Peke Yangu

Jumamosi iliyopita, ndani ya ofisi ya kikundi cha korosho hapa Chiwata, nilisimama mbele ya diwani, mtendaji wa kijiji, katekista, akina mama wanaobangua korosho na watoto waliojaa madirishani, nikasema, "Karibuni kwenye tovuti yenu." Projekta ikamulika shuka lililotundikwa ukutani: korosho zilizokaangwa zikaiva rangi, jina la kikundi likatokea juu yake kwa herufi za kijani. Vigelegele! Mwenyekiti wa kikundi akatoa simu ili aishike tovuti yake mkononi. Diwani naye akatoa ya kwake. Halafu vigelegele vikaanza kukatika kimoja kimoja.

Kwenye simu zao hapakuwa na korosho. Palikuwa na ukurasa mweupe wenye Kiingereza kikavu, kwamba akaunti hii imesimamishwa, wasiliana na idara ya malipo.

Mwalimu mmoja mstaafu akausoma kwa sauti, akafasiri bila kuombwa. Kama hujaishi huku huwezi kujua uzito wa kutamka "akaunti imesimamishwa" mbele ya wakulima wa korosho mwezi wa kumi. Tangu stakabadhi ghalani ianze, 2007, mkulima anapeleka magunia ghalani, anapewa karatasi, anasubiri mnada, kisha anasubiri benki. Jasho lote la kupulizia salfa linaishia kwenye akaunti. Na msimu wa 2018 haujasahaulika: wanunuzi walileta bei ya chini, Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, na wapo waliongoja malipo mpaka mwaka uliofuata. Kwa hiyo mama mmoja wa mstari wa mbele aliinuka taratibu, akakaza kanga kiunoni, akaniuliza mimi, fundi wa tovuti, "Pesa zetu ziko wapi?"

Nikasema si akaunti ya benki. Nikageuza kompyuta yangu iwaelekee, nikaonyesha kidole: hii hapa, mbona inaonekana! Kila nilivyozidi kuonyesha ndivyo nilivyozidi kujimaliza, maana simu zote chumbani zilisema vingine. Katekista akaniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, "Kwa hiyo, mwanangu, unaiona wewe peke yako?" Huku kwetu mtu anayeona kisichoonwa na wenzake ana jina lake, na jina hilo si mbunifu wa tovuti. Mpwa wa mwenyekiti akanimalizia: "Mjomba, hiyo ni picha tu. Kaihifadhi humo kwenye kompyuta."

Sasa nieleze, kwa sababu pale sikupewa nafasi, na jambo lenyewe ni tamu.

Kompyuta hazijui majina, zinajua namba. Ukiandika jina la tovuti, lazima apatikane wa kukwambia namba yake. Zamani, intaneti ikiwa bado changa, majina yote yalikaa kwenye faili moja lililotunzwa California, Stanford Research Institute, na ofisi ya mama mmoja aitwaye Elizabeth Feinler. Ukitaka kompyuta yako iandikwe humo, unapiga simu saa za kazi. Hebu fikiria: intaneti nzima inafunga jioni! Mwaka 1983, faili likiwa limeelemewa, Paul Mockapetris akabuni utaratibu tunaoutumia hadi leo, ambao kwa kweli ni ule ule wa kumtafuta mtu kijijini kupitia wajumbe wa nyumba kumi. Unaanza kwa wakubwa wa juu kabisa, seva za mzizi, ambazo zina majina 13 tu, kuanzia herufi A mpaka M. Hao hawamjui unayemtafuta, lakini wanakwambia wenye .tz wako wapi. Wenye .tz nao wanakuelekeza kwa seva inayotunza jina lenyewe, na huyo ndiye anayetoa namba. Safari yote hiyo inakwisha kabla hujapepesa jicho. Mimi huwa nafungua programu na kuitazama ikienda hatua kwa hatua, usiku, bila mteja wala malipo, kwa raha zangu tu.

Ila anayekuulizia yote hayo ni seva ya kampuni ya simu, nayo haipendi kuuliza swali lile lile kila mara. Ikishajibiwa, inalikumbuka jibu kwa muda iliopangiwa. Muda huo unaweza kuwa sekunde 86,400, yaani siku nzima, au hata zaidi. Ndani ya muda huo jina linaweza kuwa limehamishiwa kwingine, na seva ikaendelea kukupeleka kwenye nyumba ya zamani, tena bila wasiwasi wowote.

Nyumba ya zamani ilikuwa ya mpwa. Ndiye aliyesajili jina la kikundi miaka ya nyuma, akakodi nafasi kwenye seva, akaacha kulipia, kisha akakaa na nywila kama hati ya shamba. Nilimwomba wiki kadhaa. Ungedhani mwenyekiti angemkaripia, lakini kwa Wamakonde undugu unafuata upande wa mama, na mpwa hakaripiwi mbele ya fundi wa kupita. Akaniachia nywila Ijumaa jioni, nilipomtumia hela ya bando. Usiku ule ule nikalihamisha jina. Nikamwambia mwenyekiti uzinduzi usubiri Jumatatu. Akasema diwani ana nafasi Jumamosi, na mbuzi ameshanunuliwa.

Na kompyuta yangu je, iliionaje? Faili la yule mama wa California halikufa. Kila kompyuta ina lake dogo, nayo hutazama humo kwanza kabla ya kumuuliza yeyote. Sisi mafundi huandika humo jina la mteja na namba ya seva mpya ili tuikague kazi kabla ya watu. Tovuti ilikuwa hai, imekamilika, iko mahali pake. Kilichokuwa kimechelewa ni habari.

Jumapili usiku ikaonekana kwenye simu zote. Hakuna aliyeitisha mkutano kuniambia.

Kinachoniuma hasa ni malipo. Fundi aliyepiga plasta ile ofisi alilipwa siku ile ile, na ufa umeshaanza kuonekana juu ya mlango. Mimi naambiwa, "Wewe si ni kubofyabofya tu?" Bando ni langu, umeme wa Luku ni wangu, hata maneno ni yangu: nilipoomba maelezo ya bidhaa nililetewa mawili, "korosho nzuri," na nilipoomba historia ya kikundi nikapigiwa picha ya katiba, kurasa zote zimelala ubavu. Nikakaa nikaandika mwenyewe habari za akina mama wanaoamka alfajiri kukaanga na kubangua, mikono imebabuka kwa mafuta ya maganda. Mwenyekiti akasoma, akasema ni nzuri, lakini picha yake ya suti iwe juu zaidi.

Sisemi mwenyekiti ndiye mteja wa kwanza wa namna hii. Mwenye gesti mmoja Newala alitaka jengo lake lihamishiwe kwenye ukingo wa Shimo la Mungu, kwa picha tu. Na ile 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, mteja mmoja wa Masasi alinitaka niende nikaziunge.

Mhazini wa kikundi amenipa nusu ya hela. Nusu nyingine, anasema, mpaka dada yake aliyeko Temeke athibitishe kwamba tovuti inaonekana na huko. Dada amethibitisha. Ameipenda sana, na jana alinipigia mwenyewe kuuliza kama naweza kumtengenezea ya saluni yake. Nikamuuliza nani kampa namba yangu. Mhazini, akasema, tena kamwambia mimi ni kijana mstaarabu, sisumbui kwenye kudai.