Fadhila za Kuunganishiwa Seva

Washairi wa mwambao wameusifu mnazi, wameisifu jahazi, na wake za watu wamewasifu kwa mafumbo. Hakuna aliyejitolea kuisifu alfajiri ile kampuni ya gemu inapozichukua seva mbili zilizopungukiwa na watu na kuzifanya moja. Nimeona niibebe kazi hiyo mimi, kwa kuwa nimeunganishwa zaidi ya nilivyoomba, na deni la shukrani likikaa sana huzaa riba. (Nazungumzia muungano wa herufi ndogo. Ule mwingine una wasemaji wake na tume zake.)

Kwanza tuzimalize fadhila ndogondogo. Muungano hufufua soko. Katika seva yetu ya zamani soko la mnada lilibaki na muuzaji mmoja, naye aliuza ngozi ya mbweha kwa bei ya ngome. Ngozi ileile, kwa bei ileile, ilikaa pale tangu Ramadhani hadi Maulidi. Tulipounganishwa ngozi zilifurika hata zikakosa bei kabisa, na kila aliyekuwa amejiwekea akiba ya ngozi akasomeshwa uchumi kwa asubuhi moja. Muungano hupatanisha: mahasimu wa miaka hujikuta upande mmoja, wakimchukia mgeni. Muungano hufunza subira, maana matengenezo yaliyotangazwa kuwa ya saa mbili huchukua saba. Hizo ni fadhila za rejareja. Ya jumla ni jina.

Nilipoanza nilijiita Kipungu. Jina fupi, safi, nililolipata kwa kuwahi, kwa sababu seva ilikuwa changa na majina mazuri yalikuwa bado hayajachukuliwa. Muungano wa kwanza ukanikutanisha na Kipungu wa pili, na gemu, isiyo na upendeleo, ikatubandika sote nambari za tulikotoka. Nikawa Kipungu.S47. Muungano uliofuata ukaniongezea mkia mwingine, nikawa Kipungu.S47.S12.

Mwenye pupa ataona jina limeharibiwa. Mimi naona limepewa nasaba. Wazee wetu hawakuridhika na jina tupu. Mtu alikuwa fulani bin fulani bin fulani, kisha ukoo, kisha mji au nchi ya babu yake hata kama yeye mwenyewe hajatia mguu huko: Shirazi, al-Barawi, al-Hadhrami. Kwa karne nyingi kazi ya kuzitunza nasaba hizo ilikuwa ya masharifu na makadhi, wenye karatasi zilizofungiwa masandukuni na mabishano yasiyokwisha. Leo kompyuta inaimaliza kabla ya jua kuchomoza, na haidai ada. Anayelisoma jina langu anajua kwamba tulitoka seva ya 47, ile iliyovunjwa na wachezaji wa Kituruki; kwamba tuliingia ya 12 tukiwa wachache; kwamba hakuna muungano tulioingia kwa hiari. Kijana aliyejiunga juzi, jina lake halina mkia wala nukta, namwonea huruma. Hana kwao.

Na palipo na nasaba pana ugomvi wa ukubwa. Juzi mtu wa S3 alibishana na mtu wa S47 katika gumzo la chama chetu cha wachezaji juu ya nani atangulie katika orodha ya wazee. Hoja ya S3, iliyoshinda, ni kwamba seva yao ilikufa mapema zaidi. Mimi naisubiri kwa hamu siku ambayo jina langu halitaenea tena juu ya kichwa cha mhusika wangu na litashuka mstari wa pili. Siku hiyo nitamnunulia kilemba.

Hata wakubwa wa biashara hii wameiona hekima yenyewe. Mwaka 2013 World of Warcraft ilianza kuzifunga seva zake mbilimbili na tatutatu zichezwe kama seva moja, na walikuwa waangalifu sana wasikuite huko kuunganisha. Kila mchezaji akabaki na jina lake, likifuatiwa na kistari na jina la seva alikotoka. Nisba kamili. Star Wars: The Old Republic haikuwa na adabu hiyo. Ilizinduliwa Desemba 2011 na seva zaidi ya mia moja, na ilipofika Novemba 2017 zikabaki 5. Waliogongana majina wakatakiwa kuchagua mengine, na kwa kuwa majina ya maana yalikwisha kuchukuliwa, ndipo ukawaona mashujaa wa galaksi wakitembea na vikoma vya juu katikati ya majina na nukta juu ya irabu.

Ipo pia fadhila ya saa, na hii nilikusudia kuisifu vizuri. Chama chetu kilikuwa na watu wa Tanga, watu wa Mombasa, wawili wa Maskati na mmoja aliyeko Leicester. Saa ya seva ilikuwa ya Ulaya, kwa hiyo vita vilianza saa nne usiku kwetu: watu wameshaswali isha, wameshakula, watoto wamelala. Muungano ukatuhamishia kwenye seva yenye saa ya mashariki ya Marekani. Vita vya saa mbili usiku kwao ni saa kumi alfajiri kwetu, na kwa wale wa Maskati ni saa kumi na moja. Tangazo liliahidi msisimko zaidi. Mganga wetu, aliyeturudishia uhai kila tulipoangushwa, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Tanga, mtu wa kusimama mbele ya watoto sitini saa moja na nusu asubuhi. Alijaribu kwa muda. Kisha akaandika, “Jamani, nimeshindwa, tuonane,” na taa yake ya kijani haijawaka tena.

Hapa sifa zinanikwama. Wenye gemu wanajua tunaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi. Wanajua ni kifurushi gani tunanunua tukifurahi na kipi tukishindwa. Mtu anayejua yote hayo hawezi kusema hakujua kwamba chama kizima kinalala saa kumi alfajiri.

Na kabla ya hapo walituuzia tikiti. Seva ilipoanza kupungua, dukani kukatokea kibali cha kuhamia seva yenye watu. Si uvumbuzi wao: World of Warcraft hutoza dola 25 za Marekani kwa kumhamisha mhusika mmoja, na hakuna anayeshtuka. Tukachanga, tukahama nusu ya chama, tukawaacha nyuma wasio na uwezo, kwa machozi na ahadi. Muda si muda likaja tangazo kwamba seva tuliyoikimbia na seva tuliyoikimbilia zinaunganishwa, watu wote, bure. Wenzetu wakatukuta kule wakicheka. Nilipoandika kudai fedha yangu nilijibiwa kwa heshima kubwa kwamba wameyathamini maoni yangu.

Wapo watakaowatetea kwa kusema kwamba idadi ya watu haitabiriki, na mara nyingine ni kweli. New World ya Amazon ilifunguliwa tarehe 28 Septemba 2021, na katika siku zake za mwanzo zaidi ya watu 900,000 walikuwa ndani kwa wakati mmoja kupitia Steam, ilhali dunia moja, kama seva zake zinavyoitwa, ilibeba kama watu 2,000 tu. Foleni zikawa za maelfu. Dunia nyingine zikafunguliwa mbiombio, watu wakatawanywa humo, hamu ikapoa, na baada ya miezi michache kazi ikawa ni kuzikusanya tena. Chama kilichotoa jasho kuuteka mji katika dunia iliyomezwa kiliupoteza mji. Mhandisi aliyekuwa zamu wiki ile ya foleni simlaumu. Angezikataa seva mpya, wangemtukana. Alizifungua, wakamtukana baadaye.

Njia nyingine ipo, na ina adhabu yake. EVE Online tangu 2003 imewaweka wachezaji wake, ukiwatoa wa China, katika ulimwengu mmoja. Wakijazana mahali pamoja kupigana, gemu hupunguza mwendo wa wakati hadi sehemu moja ya kumi ili mitambo isianguke. Vita vya eneo la B-R5RB vya Januari 2014 vilichukua takriban saa 21. Unabofya, unakwenda kubandika chai, unarudi, kombora linatoka. Lakini jina lako unalo, halina mkia.

Gemu yangu mimi ni ya simu, ya ngome na falme, na katika gemu za aina hiyo seva hazifi kwa bahati mbaya. Mpya hufunguliwa kila baada ya siku chache, hata kama ya juzi ina nafasi tele, kwa sababu bidhaa inayouzwa pale ni kuwa wa kwanza. Seva moja ina mtu wa kwanza mmoja. Anayetaka kuuza ukwanza mara mia anahitaji seva mia. Wiki ya kufunguliwa orodha ya vinara hubadilika kila saa, wenye fedha wanapandiana dau kwa vifurushi, mfalme anapatikana. Wasio na fedha wanaelewa somo na kuondoka mmojammoja bila kuaga. Baada ya miezi mfalme anawatawala watu kumi na roboti, na kwa kuwa hana wa kumpiga hana sababu ya kununua upanga. Ndipo tunapoandikiwa barua ya “wachezaji wapendwa”. Seva nane zinakuwa moja, wafalme wanane wanakutanishwa, na ule ukwanza unauzwa upya kwa watu walewale waliokwisha kuununua. Sisi wengine tunaunganishwa ili wapate wa kuwashangilia.

Mfalme wetu wa S47 aliposhuka hadi nafasi ya sita hakukaa hata wiki. Yuko seva mpya kabisa, iliyofunguliwa Ijumaa, anaongoza, na jina lake ni tupu tena. Sisi tulifidiwa almasi 50 kila mtu kwa usumbufu wa matengenezo. Kadi ya kubadilishia jina dukani ni almasi 300, ila wiki hii, kwa furaha ya muungano, imepunguzwa hadi 280.