Samaki wa Shilingi Elfu Kumi na Mbili

Vita vya samaki nyumbani kwetu viliwashwa na shemeji, aliyekuja likizo na kompyuta yake na hamu ya kutunyoosha. Alilichukua daftari la matumizi akaliingiza kwenye Python: kamusi ndani ya kamusi, kama sufuria zinazoingiana. Ya nje ni miezi. Ukifunua mwezi unakuta bidhaa. Ukifunua bidhaa unamkuta mnunuzi na bei zake zote.

Programu ilianza kwa kugoma. Ilipoambiwa iongeze bei ya nazi kwenye Juni, ilijibu kwamba ufunguo huo haupo. Kweli, nani aliuweka? Akatafuta aina ya kamusi inayojifungulia nafasi mpya yenyewe. Kisha ikaonekana wifi huandika "mkaa" na mume wangu "Mkaa", basi mashine ikahesabu bidhaa mbili. Hilo lilipita.

Wakati wa chakula cha usiku shemeji akatangaza: samaki wa Juni, wastani shilingi 12,000 kila wanaponunuliwa.

Mume wangu alisitisha tonge. "Elfu kumi na mbili! Kuanzia kesho pesa ya samaki nusu."

Macho yote kwangu, maana mwenda soko la samaki la Feri ni mimi. Lakini mimi nilinunua mafungu ya vibua ya 4,000, mara tisa. Wifi alinunua mara moja tu, changu wa 20,000, siku ya wageni wa posa, na sasa alikuwa anachambua mwiba kwa utulivu wa ajabu.

Nikaomba kalamu. Tisa mara 4,000 ni 36,000. Ongeza 20,000, ni 56,000. Gawa kwa manunuzi kumi: 5,600. Programu ilichukua wastani wangu na wastani wa wifi, ikajumlisha, ikagawa kwa mbili, kana kwamba safari yake moja ni sawa na zangu tisa.

"Shemeji, hapo umenishika," alisema.

Usiku huohuo akairekebisha. Ndani kabisa, chini ya jina la kila mnunuzi, sasa kuna vitu viwili: jumla ya fedha na idadi ya manunuzi. Ukipanda kutoka mnunuzi hadi bidhaa, hadi mwezi, unajumlisha jumla kivyake na idadi kivyake. Kugawa ni mwisho kabisa.

Hesabu imenyooka. Pesa ya samaki bado ni nusu.