Chuma kwa Lydia, Baridi kwa Morrigan

Katika mchezo wa video The Witcher wa mwaka 2007, shujaa Geralt akiua zimwi hulipwa pesa. Akilala na mwanamke hupewa kadi yenye picha ya bibiye, aitunze. Stakabadhi, jamani! Mwaka 2011 mchezo wa Skyrim ukaja na heshima zake: Lydia, mwandani wa mchezaji, kavishwa chuma tangu shingoni hadi nyayoni, upanga kiunoni. Hongera, dada. Na kazi? Kukubebea mizigo: ngozi za mbwa mwitu, jibini, hata ndoo ulizookota pangoni. Huitika kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na mawifi. Afadhali yeye ana nguo. Morrigan, mchawi wa mchezo wa Dragon Age: Origins, huvuka milima yenye theluji kifua nusu wazi, na wanaume waliovaa deraya kamili wakimfuata nyuma, eti wao ndio wanaohitaji kinga.