Mheshimiwa Waziri, ufunguo wa lango la mlima uko mkononi mwako

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUWALINDA WAPANDA MLIMA NA WAGUMU (WAPAGAZI) WA KILIMANJARO

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima naomba unijalie dakika chache, nikijua fika kwamba mezani pako yamelundikana mambo ya taifa zima. Naomba radhi mapema kwa kukuandikia hadharani badala ya kupitia ngazi zinazostahili. Nimethubutu kwa sababu jambo lenyewe ni la wengi: linawahusu wageni wanaofika Moshi kuitafuta hatari, na vijana wetu wanaoibeba hatari hiyo mgongoni pamoja na mizigo yao.

Utakumbuka, Mheshimiwa, kwamba tarehe 18 Juni 2023 chombo kidogo cha kuzamia kiitwacho Titan kilipotea katika Atlantiki ya Kaskazini. Kilikuwa na watu watano waliokwenda kuyaona mabaki ya meli ya Titanic, karibu mita 3,800 chini ya maji. Nafasi moja iliuzwa dola 250,000. Wote watano walifariki, akiwemo mkuu wa kampuni iliyokiendesha chombo hicho, Stockton Rush, na kijana wa miaka 19, Suleman Dawood, aliyekuwa pamoja na baba yake. Agosti 2025 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa ripoti yao wakasema ajali ile ingeweza kuzuilika. Chombo hakikuwa na cheti cha mkaguzi yeyote huru, na kilizamia mahali ambapo hakuna nchi inayomiliki maji. Abiria walisaini kwamba wanajua wanaweza kufa, wakashuka.

Sisi tunaoishi chini ya Kibo tunawapokea wageni wa hamu hiyohiyo, na kwa idhini yako naomba nisieleweke kwamba nawalaumu. Hamu yao naielewa na naiheshimu. Mtu aliyezoea kununua kila kitu hufika mahali ambapo fedha haimpunguzii hata hatua moja. Usiku wa kuelekea kileleni, kutoka kambi ya Barafu au ya Kibo, tajiri na asiye na kitu huvuta hewa ileile, yenye oksijeni karibu nusu ya ile anayoivuta mtu wa Tanga. Anayefika kilele cha Uhuru, mita 5,895, akalia machozi, halii kwa kujionyesha. Furaha hiyo imeisomesha Moshi. Bei ya kahawa iliposhuka na vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vikagawanywa hadi kubaki vipande, mlima ndio uliolipa ada za shule huko Marangu, Machame, Kibosho na Uru. Anayetaka kuufunga mlima hajatujua.

Lakini ipo tofauti kubwa kati ya bahari ile na mlima huu, Mheshimiwa, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Katika Titan, aliyenunua hatari ndiye aliyeingia ndani yake. Kilimanjaro hakuna anayepanda peke yake. Nyuma ya mgeni mmoja yupo mwongozaji, yupo mpishi, wapo wagumu. Na kadiri safari inavyokuwa ya kifahari ndivyo vichwa vya kubeba vinavyoongezeka: hema la kulia chakula, meza, viti, choo cha kubebeka, mitungi ya oksijeni. Mgeni amechagua baridi ya Barafu kwa sababu ana nafasi ya kuchagua. Kijana aliyelala getini akisubiri jina lake liitwe amechagua kati ya baridi hiyo na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Tofauti ya pili inatupa matumaini. Bahari ile haikuwa na lango, lakini mlima wetu unalo. Kwenye malango ya Londorossi, Machame, Umbwe, Marangu na Rongai, kila jina linaandikwa na kila mzigo unapimwa, usizidi kilo 20. Kwa hiyo yale ambayo hakuna aliyemlazimisha Rush kuyafanya, wewe unaweza kuyaagiza. Naomba, kama itakupendeza, uyatazame mambo manne.

La kwanza ni siku. Mwili wa binadamu unahitaji muda kuzoea hewa nyepesi. Ukiharakishwa, maji hujaa mapafuni au ubongo huvimba, na dawa ya uhakika ni kushuka haraka. Kila mwongozaji wa Moshi anajua hivyo, ndiyo maana neno analolirudia kutwa ni pole pole. Hata hivyo safari ya siku tano kwa njia ya Marangu bado inauzwa. Anainunua mwenye fedha asiye na muda, na anainunua mwenye muda anayebana matumizi, kwa kuwa kila siku hifadhini ni dola 70 za kiingilio, juu yake dola 50 za kambi au 60 za kulala kibandani, kabla ya kodi. Kwa utaratibu huu, Mheshimiwa, anayepanda kwa tahadhari hulipa zaidi ya anayepanda kwa pupa. Nakusihi kwa unyenyekevu: siku saba ziwe kima cha chini kwa njia zote, na viingilio vya siku mbili za mwisho vipunguzwe ili mgeni asipate sababu ya kukimbia. Hifadhi itapoteza kidogo kwa kila kichwa, lakini itapata wageni wengi zaidi wanaofika kileleni na kurudi kwao kuusifu mlima.

La pili ni kauli ya mwongozaji. Mwaka 2018 David Lochridge, aliyekuwa mkurugenzi wa shughuli za baharini katika kampuni ya Titan, alionya kwa maandishi kwamba chombo si salama. Alifukuzwa kazi. Huku kwetu hakuna haja ya kumfukuza mtu. Tipu inatosha kumnyamazisha. Mwongozaji anayetegemea bahasha ya siku ya mwisho anapata tabu kumwambia mgeni aliyevuka bahari na kutumia maelfu ya dola kwamba safari yake imeishia hapa, mita mia mbili chini ya Stella Point ukingoni mwa kreta. Tunaomba kanuni iseme wazi kwamba amri ya kushuka ikitolewa haipingwi, na kwamba kampuni itakayomwadhibu mwongozaji kwa kuitoa itafutiwa leseni. Hapo mgeni atajua tangu getini kwamba anayemrudisha si mtumishi mkaidi, bali ni sheria ya nchi.

La tatu, Mheshimiwa, ndilo linaloniuma zaidi, nalo ni wagumu wenyewe. Tangu 2003 mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, umekuwa ukiwaazima bure nguo za mlimani hapa mjini Moshi. Tunaushukuru sana. Lakini kuwepo kwake kunatuambia kwamba wako wanaokwenda mita 4,600 bila koti la kufaa wala viatu vya kushika jiwe. Malipo nayo: shilingi 20,000 kwa siku ndicho kiwango kilichopigiwa debe kwa miaka mingi, na bado kuna kampuni zinazolipa pungufu. Mgeni hulipa dola 20 za uokoaji kwa safari, na wengi huja na bima inayoweza kuita helikopta. Mgumu akiugua, anategemea mabega ya wenzake na machela ya gurudumu moja. Ninaomba lango linalopima mzigo lipime na mbebaji pia: viatu, koti, begi la kulalia, mkataba wenye kiwango cha malipo, na bima iliyokatwa kwa jina lake kwa safari hiyo. Asiye navyo asipite, na gharama ya kuvikosa iwe ya kampuni, isiwe ya kijana. Nepal wametutangulia. Baada ya maporomoko ya theluji ya Aprili 2014 kuwaua wafanyakazi 16 wa Kinepali kwenye Everest, serikali yao ilipandisha kiwango cha chini cha bima ya wafanyakazi hao. Tafadhali, sisi tusisubiri vilio vya namna hiyo.

La nne ni kulala ndani ya kreta ya Kibo. Kwa wengi wa wagumu safari ya kupanda huishia Barafu au Kibo, lakini mgeni akitaka usiku mmoja ndani ya kreta, zaidi ya mita 5,700, hema na chakula lazima vimfuate. Na mwenye kuipitia njia ya Western Breach anapita mahali ambapo mawe yaliyoporomoka yaliwaua Wamarekani watatu Januari 2006, na mwingine mwaka 2015. Naomba kibali cha huko kitolewe kwa nadra na kwa masharti magumu kuliko ya njia nyingine.

Wako watakaokuambia kwamba masharti yatawafukuza wageni. Kwa heshima zote, siamini hivyo. Anayeitafuta hatari kwa dhati haitafuti nchi isiyojali. Anatafuta mahali pakubwa kuliko yeye, na watu wa kumwongoza anaoweza kuwaamini. Kilimanjaro inayo yote mawili.

Naomba radhi tena kwa urefu wa barua hii. Msimu wa Juni hadi Oktoba ndio unaoujaza mlima kuliko wakati mwingine. Kanuni ikitangazwa kabla ya hapo, kampuni zitapata muda wa kujipanga, na kijana wa Kibosho atakayebeba mzigo wake wa kwanza mwaka huo atapita getini akiwa amevaa viatu vyake mwenyewe, akiwa na mkataba wake mfukoni.



Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi, Moshi.