Sifa za Vumbi la Ofisini

Miongoni mwa watumishi wote wa ofisi, wa kudumu na wa mkataba, hakuna anayehudhuria kazini kwa uaminifu kama vumbi, ambalo haliombi likizo, halidai posho ya safari wala halisubiri daftari la mahudhurio lifunguliwe, na ambalo hata hivyo halijawahi kuitwa jukwaani siku ya Mei Mosi kupokea bahasha ya mfanyakazi bora. Vumbi linalokusudiwa hapa, ieleweke mapema, si lile la Kongo, yaani dawa ya nguvu za kiume, ambalo vijiwe vimekwisha kulisifu vya kutosha, bali ni lile la kijivu lilalalo ndani ya kasha la kompyuta, ambalo likitazamwa kwa karibu huonekana kuwa mchanganyiko wa udongo, nyuzi za nguo na za karatasi, nywele, na magamba ya ngozi za watu wale wale wanaolilaani. Fundi anayefungua kompyuta ya masijala baada ya miaka mitano hukutana, kwa hiyo, na masijala yenyewe, pamoja na waliokwisha kustaafu.

Vumbi, tena, halivamii, bali hukaribishwa. Kichakataji, yaani kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote za kompyuta, hutoa joto jingi, na juu yake hufungwa bamba la chuma lenye mapezi membamba pamoja na feni, ili hewa ipite katikati ya mapezi na kuondoka na joto hilo. Feni haina uwezo wa kuchagua hewa, na kila ivutacho huacha sehemu yake kwenye mapezi hadi panapotandikwa godoro jepesi kama la sufi. Wenyeji wengine huzidisha ukarimu: huliweka kasha hilo, ambalo ofisini huitwa sipiyu, sakafuni kabisa, ambako ufagio wa kila asubuhi hulipelekea vumbi hadi mlangoni, ilhali kuliinua juu ya kibao kungetosha kuvunja urafiki huo, na wengine hulifunika kitambaa kilichofumwa kwa mkono huku likiwa limewashwa, wakidhani wanalikinga, kumbe wanaziba matundu ya kupumulia. Huko Dodoma, vumbi la kiangazi lililokuwa likiisubiri Serikali tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu huko, lilizipokea kompyuta za wizara zilizohamia kuanzia 2016 bila kuuliza vyeo vya wenyewe. Vumbi la Tanga na Mombasa lina kipaji kingine, kwa kuwa hushirikiana na chumvi na unyevu wa bahari, likaganda na kuzila polepole ncha za shaba.

Fadhila yake kubwa, hata hivyo, ni heshima linayomletea fundi. Kichakataji kikikaribia nyuzi joto 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi chenyewe ili kisiungue, na mtumiaji, akiona barua ya ukurasa mmoja inafunguka kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, hutangaza kwamba mashine imeingiwa na virusi. Fundi mwenye busara habishani. Na siku vumbi linapozidi hadi mashine ikagoma kuwaka, huchomoa waya wa umeme, hugusa chuma kitupu cha kasha ili umeme tuli wa mwilini mwake usiunguze vipande vya ndani, kisha huchomoa kadi ya RAM, ambayo ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na kuzisugua ncha zake za rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli cha mtoto wa shule mpaka zing'ae. Huirudisha na kuikandamiza hadi vibanio vya pembeni vilie. Mashine iliyokuwa ikipiga milio huku kioo kikiwa cheusi huwaka, mhasibu mwenye mashine hushusha pumzi, na siku hiyo hiyo, bila kuandikiwa waraka wowote, hununua diski ya nje na kuhifadhi nakala ya hesabu zake, jambo ambalo semina tatu hazikuweza kumfanyisha.

Kuna upendeleo katika historia. Tarehe 9 Septemba 1947 nondo mmoja alikutwa amekwama ndani ya kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, akabandikwa kwa utepe wa gundi kwenye daftari la kumbukumbu za mashine, na daftari hilo likaishia katika makumbusho ya Smithsonian huko Marekani. Nondo alifika mara moja tu. Vumbi hufika kila siku, na mahali pake pa kuhifadhiwa ni jalalani.

Hata kufukuzwa kwake kuna adabu zake. Kasha hutolewa nje, pangaboi la feni hushikwa kwa kidole lisizungushwe na upepo kupita kasi yake, ndipo blowa hupulizwa. Fundi mwenye haraka, na hawa si haba, hupuliza pale pale ofisini: wingu hupanda, hung'aa kidogo katika mwanga wa dirishani, kisha hushuka taratibu juu ya meza ya jirani, ambaye kompyuta yake iko wazi na feni yake inazunguka.